Saa imebaki sifuri, picha imepinda, chipu hazisomi: kutatua hitilafu za kupima muda kwa kompyuta kwenye riadha

Mwongozo huu ni wa wale wanaokaa mezani karibu na mstari wa kumalizia: walimu wa michezo, vijana wa kompyuta walioitwa asubuhi ya mashindano, waamuzi wa mkoa na wa klabu. Hitilafu zilizomo ndizo zinazorudi kila msimu, iwe kwenye uwanja wenye tartani kama Kasarani na Benjamin Mkapa, iwe kwenye mbio za barabarani ambako umati mzima hupita juu ya mkeka mmoja unaosoma chipu zao. Nimezipanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu inayotajwa kwanza ndiyo inayotokea mara nyingi zaidi, kwa hiyo anza nayo hata kama moyo unakuambia tatizo ni kubwa kuliko hilo.

Mfumo wowote wa aina hii, wenye kihisi cha bastola, kamera ya mstari wa kumalizia na kompyuta, unatafuta majibu ya maswali matatu: mbio zilianza lini, kiwiliwili cha mkimbiaji kilifika mstarini lini, na nani alikuwa kwenye njia ipi. Jibu moja likikosewa, kompyuta haitakataa kufanya kazi. Itaendelea kutoa namba safi zenye tarakimu tatu baada ya nukta, na namba hizo zitakuwa za uongo. Ndiyo maana wapima muda wa mkono wanatakiwa wawe kwenye ngazi zao kila mbio, hata siku ambayo mfumo haujasumbua hata mara moja. Mtoto aliyefuzu UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, baada ya mwaka mzima wa mazoezi hawezi kuambiwa arudie mita 100 kwa sababu betri ya kihisi ilikufa.

Kabla hujagusa chochote

Hifadhi faili la mbio iliyopita. Usifute picha yoyote, hata ile unayoona haina maana. Mara nyingi picha "mbovu" ndiyo inayookoa rufaa. Mwambie mwanzishaji, kwa redio au kwa bendera, kwamba meza haiko tayari. Asipige bastola mpaka umjibu. Kisha andika kwenye daftari saa, mbio, dalili, na ulichobadilisha. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, la sivyo hutajua ni kipi kilichoponya.

Dalili: bastola imelia, saa ya mfumo imebaki sifuri

1. Programu haikuwekwa katika hali ya kusubiri mlio. Hili linaongoza kwa mbali. Mtu alifungua mbio mpya, akapitia orodha ya majina, akasahau kubonyeza kitufe cha kuweka tayari. Mpe mtu mmoja jukumu hilo na lingine lolote asipewe.

2. Betri ya kihisi cha bastola au ya redio ya kurushia imekwisha. Weka betri mpya asubuhi na nyingine mchana, hata kama taa bado ni ya kijani.

3. Waya umekatika au umechomoka. Waya wa kutoka mwanzo wa mita 100 hadi mezani hukanyagwa na watu wote wanaovuka uwanja, na kwa mita 200 na 400 njia yake ni ndefu zaidi. Fuata waya kwa mkono kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, bonyeza kila plagi, angalia mahali ulipopita chini ya geti. Ukiwa na waya wa akiba, ubadilishe kwanza, uchunguze baadaye.

4. Kihisi kimefungwa vibaya. Vipo vinavyosikia mlio na vipo vinavyohisi mtikisiko wa bastola. Vya aina ya pili visipobana kwenye chuma cha bastola havioni kitu.

5. Redio inaingiliwa. Watangazaji, walinzi na vipaza sauti visivyo na waya vyote vinagombea hewa ileile. Badilisha chaneli, inua antena juu ya vichwa vya watu, jaribu tena. Isiposaidia, rudi kwenye waya.

Ikiwa wanariadha wameshakimbia, usijaribu "kurudisha" saa kwa kubonyeza kwa mkono halafu kutangaza muda huo kuwa wa kielektroniki. Kanuni za World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, ziko wazi: kifaa kinachojiendesha upande mmoja tu, mwanzo au mwisho, hakitoi muda rasmi wa aina yoyote. Picha yenyewe hata hivyo ni halali kwa kupanga nafasi na kwa kuona tofauti ya muda kati ya mkimbiaji mmoja na mwingine. Kwa hiyo nafasi zinatoka kwenye picha, muda unatoka kwenye saa za mkono, na karatasi ya matokeo inasema hivyo.

Dalili: saa inaanza yenyewe

Karibu kila mara ni usikivu wa kihisi uliowekwa juu mno. Ngoma za mashabiki, vuvuzela, mlango wa gari, hata upepo unaopiga moja kwa moja kwenye kinasa sauti vinatosha kukiwasha. Punguza usikivu hatua moja moja huku mwanzishaji akipiga bastola ya majaribio, hadi kisikie bastola peke yake. Sababu ya pili ni plagi iliyolegea inayogusana na kuachana. Ya tatu ni unyevu kwenye viungo vya waya, jambo la kawaida asubuhi za umande kule Arusha au Eldoret. Kausha, funga kwa nailoni na utepe, inua kiungo kisilale kwenye nyasi.

Dalili: muda wa kila mtu umepungua au umezidi

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu hii ndiyo hitilafu isiyojionyesha. Picha ni nzuri, nafasi ni sahihi, hakuna anayelalamika, na kumbe matokeo yote ya siku yamepotoka.

Ishara ya kwanza ni kulinganisha na saa za mkono. Mtu anayebonyeza saa huchelewa kidogo anapoona moshi wa bastola, lakini mwisho wa mbio humuona mkimbiaji akija na hubonyeza kwa wakati. Kwa hiyo muda wa mkono kwa kawaida huwa mfupi kuliko wa kielektroniki. Tofauti inayotumika sana kwa mbio fupi za hadi mita 200 ni sekunde 0.24, na kwa mita 400 ni 0.14. Ukiona muda wa mfumo ni mfupi kuliko wa mkono, mbio baada ya mbio, simama. Saa yako inaanza kwa kuchelewa.

Sababu ya kawaida ni umbali kati ya bastola na kihisi. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kila sentimita 34 zinachelewesha saa kwa elfu moja ya sekunde. Mwanzishaji akisogea mita 10 kutoka kwenye kinasa sauti ili aone njia zote vizuri, kila mkimbiaji amepewa zawadi ya karibu sekunde 0.03. Na kama kuna aliyeweka kinasa sauti mezani, kwenye mstari wa kumalizia mita 100, zawadi inakaribia sekunde 0.3. Nani asingependa kuvunja rekodi ya mkoa kwa namna hiyo? Lakini ni rekodi isiyokuwepo. Funga kihisi kwenye bastola yenyewe.

Sababu ya pili ni marekebisho yaliyoachwa ndani ya programu na mtu wa mashindano yaliyopita. Fungua ukurasa wa mipangilio ya mwanzo, angalia kama kuna namba ya kuongeza au kupunguza muda. Kama hujui kwa nini ipo, irudishe sifuri kisha fanya jaribio lifuatalo.

Sababu ya tatu ni redio inayochelewesha ishara. Baadhi ya vifaa vya kurusha huchelewa kwa kiasi kinachojulikana na programu hufidia. Ukichanganya kifaa cha kampuni moja na programu ya nyingine, fidia hiyo haipo.

Dawa ya yote matatu ni jaribio la sifuri, na linatakiwa kufanywa kabla ya kila kipindi cha mashindano. Lete bastola kwenye mstari wa kumalizia, mbele ya kamera, ikiwa na kihisi chake kilekile na kupitia waya au redio ileile itakayotumika. Weka mfumo tayari, piga, kamera ikirekodi. Mwako wa bastola lazima uonekane kwenye picha mahali pa 0.000, au ndani ya elfu moja ya sekunde. Kwa bastola ya kielektroniki isiyotoa mwako, tumia taa inayowashwa na ishara hiyohiyo. Rudia mara kadhaa. Ikiwa mwako unaangukia mahali palepale kila mara lakini si kwenye sifuri, una ucheleweshaji unaopimika na fundi anaweza kuurekebisha. Ikiwa unarukaruka, leo sehemu hii, kesho ile, usitumie muda wa mfumo huo kabisa. Tumia picha kwa nafasi, saa za mkono kwa muda, na mwite wakala wa kifaa.

Hifadhi picha ya jaribio. Rekodi yoyote ya taifa itakayowekwa siku hiyo itaulizwa picha hiyo.

Dalili iliyo karibu na hii: muda wa ajabu kabisa, mathalani dakika 3 na ushee kwa mita 100. Hiyo haina siri. Mbio ilirudishwa, bastola ikapigwa tena, na programu imeshika mlio wa kwanza. Fungua orodha ya milio, chagua wa mwisho.

Dalili: muda kwenye ubao na kwenye karatasi haulingani

Mara nyingi ni kukadiria tarakimu. Muda wa kielektroniki wa mbio za uwanjani hadi mita 10,000 husomwa kwa elfu za sekunde, kisha hupandishwa hadi sehemu ya mia inayofuata, isipokuwa tarakimu ya elfu ikiwa sifuri. 10.231 ni 10.24, haiwi 10.23. Kwenye fainali ya mita 100 ya Olimpiki ya Paris 2024, Noah Lyles alisomwa 9.784 na Kishane Thompson 9.789. Ukipandisha, wote wawili ni 9.79, na ndivyo matokeo yalivyoandikwa. Dhahabu iliamuliwa na elfu tano za sekunde zilizokuwa kwenye picha. Aliyeingiza matokeo kwenye Excel inayokadiria kwa desturi ya darasani angempa Lyles 9.78 na kuharibu rekodi.

Muda wa mkono hupandishwa hadi sehemu ya kumi: 10.11 inakuwa 10.2. Mbio za barabarani hupandishwa hadi sekunde nzima: 2:14:07.3 inakuwa 2:14:08. Ukikuta kwenye vitabu vya zamani namba mbili tofauti za mbio moja, kumbuka hili pia. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, saa ya umeme ilisoma 3:32.16, na rekodi ikaidhinishwa kuwa 3:32.2. Hakuna aliyekosea.

Sababu ya pili: ubao wa uwanjani huonyesha muda usio rasmi. Husimamishwa na miale ya mwanga inayokatwa na kitu cha kwanza kupita, na kitu hicho kinaweza kuwa mkono. Mwambie mtangazaji asisome muda wa ubao kama matokeo.

Dalili: wakimbiaji kwenye picha wamerefuka, wamebanwa au wana miguu kama mbao

Kwanza jua unachokitazama. Kamera ya mstari wa kumalizia haipigi uwanja mzima. Inatazama ufa mwembamba tu, mstari wenyewe, na kuupiga mara 1000 au zaidi kwa sekunde, kisha inaunganisha vipande hivyo kutoka kushoto kwenda kulia. Upana wa picha ni muda, si mahali. Ndiyo maana mguu uliotua juu ya mstari unaonekana mrefu ajabu: ulikaa pale kwa muda. Hiyo si hitilafu.

Wakimbiaji wote wakiwa wembamba mno au wanene mno, kasi ya kupiga haiendani na mbio. Wakimbiaji wa mita 100 na watembeaji hawatumii mpangilio mmoja. Muda hauathiriki, ni usomaji tu unaokuwa mgumu, kwa hiyo rekebisha baada ya mbio.

Picha ikiwa nyeusi, fungua tundu la lenzi au punguza kasi ya kupiga. Mbio za saa kumi na mbili jioni hazina mwanga wa saa nane mchana. Ikiwa na ukungu, fokasi imesogezwa, au lenzi imeshika vumbi. Lenga kwa mtu aliyesimama mstarini kwenye njia ya katikati, halafu angalia njia ya kwanza na ya nane. Ikiwa na mawimbi, stendi inatikiswa na upepo au na watu wanaopanda jukwaa. Iwekee mifuko ya mchanga, zuia watu.

Lililo zito ni kamera isiyo sawa na mstari. Mwisho wa mbio ni ukingo wa mstari ulio upande wa wakimbiaji wanakotokea. Kamera ikiwa imegeuka kidogo, njia ya karibu inapimwa kabla ya mstari na ya mbali baada yake, na mtu wa njia ya mbali anaibiwa bila kujua. Kagua hivi: wasimamishe watu wawili na fimbo zilizonyooka, mmoja kila upande wa uwanja, kwenye ukingo huo. Fimbo zote mbili zionekane ndani ya ufa kwa wakati mmoja. Mistari mizuri ina alama nyeusi mahali inapokutana na mistari ya njia, na ikilengwa sawasawa alama hizo huonekana kwenye picha. Kagua tena baada ya chakula cha mchana, na kila mara mtu anapogusa stendi.

Acha na uite fundi ikiwa kurekebisha kunahitaji kupanda mnara wa taa, kupaa juu ya paa la jukwaa au kusogea karibu na nyaya za umeme. Saa za mkono zipo. Hakuna muda wa mtu unaostahili mtu mwingine aanguke.

Dalili: picha ni nzuri lakini kiwiliwili cha mmoja hakionekani

Anayesoma picha anatafuta kiwiliwili: kifua, bega, tumbo. Kichwa, shingo, mikono na miguu havihesabiki. Shida ni pale mkono wa mtu, au mtu wa njia ya karibu, unapofunika kiwiliwili cha mwenzake.

Sababu ya kwanza ni kamera iliyowekwa chini mno, ipandishe. Ya pili ni kuwa na kamera moja. Kamera ya pili upande wa ndani wa uwanja hutatua mengi, ingawa si yote. Mwaka 2012 kule Eugene, kwenye mchujo wa Marekani wa Olimpiki, Allyson Felix na Jeneba Tarmoh waligombea nafasi ya tatu ya mita 100, ya mwisho ya kwenda London. Kamera ya nje ilipiga picha 3000 kwa sekunde, lakini mkono wa Tarmoh ulificha kiwiliwili chake. Kamera ya ndani haikusaidia. Tarmoh alitangazwa wa tatu kwanza kwa makadirio ya bega lilipokuwa, kisha uamuzi ukabadilishwa: wote 11.068, sare. Mbio ya marudio ilipangwa, na Tarmoh akajiondoa.

Fundisho kwa meza yako ni la kiutaratibu. Msomaji asome kile kinachoonekana, asikisie kilicho nyuma ya mkono. Kisichotenganishwa na picha kitangazwe sare, na kanuni za sare zifuate mkondo wake. Mwendesha kompyuta hana mamlaka ya kuamua. Ni kazi ya mwamuzi mkuu wa picha.

Dalili: vibao vya kuanzia vinamshtaki asiye na kosa

Kwenye mashindano yenye vibao vya kielektroniki, mwitikio (muda kati ya mlio na msukumo wa mkimbiaji) chini ya sekunde 0.100 unahesabiwa kuwa ni kuanza mapema. Eugene tena, mashindano ya dunia ya 2022: Devon Allen aliondolewa kwenye fainali ya mita 110 kuruka viunzi kwa mwitikio wa 0.099. Elfu moja ya sekunde. Kifaa chenye nguvu hiyo hakifai kuguswaguswa na mtu asiyekijua.

Unaloruhusiwa kukagua: misumari ya vibao imekaa vizuri kwenye tartani, vihisi vimebana, waya wa njia ya tatu haujachomekwa njia ya nne, na spika nyuma ya kila mkimbiaji inatoa sauti. Spika ikifa, wa mbali anasikia bastola baadaye kuliko wa karibu na mwitikio wake utaonekana mvivu bila sababu.

Usiloruhusiwa: kubadilisha kiwango cha kugundua msukumo, au kufungua kisanduku. Simama hapo. Zima mfumo wa vibao, mjulishe mwanzishaji, aendelee kwa macho na masikio yake, na mwite mtaalamu wa kampuni ya kifaa. Mfumo ambao haujathibitishwa hautumiki kumtoa mtu.

Dalili: kipima upepo kinasoma 0.0, au kinapingana na bendera

Mwaka 1988 kule Indianapolis kipimo cha 0.0 kilisajiliwa kwenye mbio ya mita 100 ambayo Florence Griffith-Joyner alikimbia 10.49, wakati vipimo vya sehemu nyingine za uwanja alasiri ile vilionyesha upepo mkali. Rekodi bado ipo, na mashaka bado yapo. Kwa hiyo bendera ikipepea na kipimo kikasema sifuri, usiandike tu ukaendelea.

Angalia kwanza kama mtu au bango limesimama mbele yake. Kisha mahali: mita 50 kutoka mstari wa kumalizia, pembeni mwa njia ya kwanza, si zaidi ya mita 2 kutoka uwanjani, kimo cha mita 1.22. Kisha mwelekeo: kikigeuzwa, upepo wa nyuma unaandikwa kuwa wa mbele. Kisha muda wa kupima: sekunde 10 tangu mlio kwa mita 100, sekunde 13 kwa viunzi vya 100 na 110, na kwa mita 200 sekunde 10 tangu wa kwanza aingie sehemu iliyonyooka. Mwisho, betri na waya.

Kikomo cha rekodi ni +2.0, yaani upepo wa nyuma wa mita 2.0 kwa sekunde. Tobi Amusan alikimbia 12.12 kwenye nusu fainali ya mita 100 kuruka viunzi Eugene 2022 upepo ukiwa +0.9, ikawa rekodi ya dunia. Fainali siku hiyohiyo alikimbia 12.06 upepo ukiwa +2.5, haikuhesabiwa. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa 9.77 Kasarani mwaka 2021, kipimo kilikuwa +1.2, ndiyo maana hakuna anayeweza kuigusa rekodi yake ya Afrika kwa hoja ya upepo. Ukishindwa kukiponya kifaa, andika "upepo haukupimwa". Kubuni namba ni kumnyang'anya mkimbiaji haki yake ya baadaye.

Dalili: mbio za barabarani, chipu hazisomi

Watu wachache tu wamekosekana: karibu wote walifunika namba ya kifuani kwa koti au mkanda wa chupa, au waliibandika mgongoni, au waliikunja ili ienee. Chipu nyembamba iliyo nyuma ya namba haipendi kukunjwa, na mwili na maji humeza mawimbi yake. Tangaza kabla ya mbio: namba kifuani, imenyooka, haijafunikwa.

Wamekosekana wengi waliopita pamoja: mkeka mmoja umezimika, antena imepinduka, au umati ulikuwa mnene kuliko uwezo wa kisomaji. Weka mkeka wa pili mita chache mbele, na kamera ya kawaida ya video inayoonyesha namba na saa. Mtu wa karatasi anayeandika namba kwa mpangilio wa kufika bado ana kazi.

Mtu amesomwa mara nyingi: mara nyingi ni msaidizi aliyeshika mfuko wa namba karibu na antena, au mkimbiaji aliyesimama mkekani kupiga selfi. Mpangilio wa programu uchukue usomaji wa kwanza baada ya muda wa chini uliowekwa.

Muda wa wote umehama kwa kiasi kilekile: saa za visomaji vya mwanzo na mwisho hazikuoanishwa. Zioanishe kwa GPS au kwa kompyuta moja kabla ya kuzitenganisha. Majina hayalingani na namba: orodha ya usajili ilipangwa upya safu moja bila nyingine, rudi kwenye nakala ya kwanza.

Washiriki watakuja na muda wao wa chipu, uliohesabiwa tangu walipovuka mstari wa kuanzia. Waheshimu, waandikie wote wawili, lakini nafasi rasmi zinafuata muda tangu bastola.

Acha ukiona kisomaji kinatumia masafa yasiyoruhusiwa nchini. Vifaa vilivyonunuliwa Marekani na vya Ulaya havitumii masafa sawa. Muulize muuzaji, na mamlaka ya mawasiliano, kabla ya siku ya mbio.

Dalili: kompyuta imeganda au imelala

Zima masasisho ya kujiendesha, zima hali ya kulala, acha kompyuta hiyo bila intaneti wala muziki. Kamera isipoonekana, kagua waya wa mtandao, swichi, kisha anwani ya IP. Jenereta ikicheza, weka UPS (betri ya akiba ya umeme) kati yake na meza. Ukisikia harufu ya kuungua, ukahisi mshtuko kwenye fremu ya chuma, au mvua ikiingia kwenye viunganishi vya umeme wa volti 230, zima kwenye chanzo na ondoa watu. Fundi umeme ndiye wa kurudisha.

Matokeo yakishatangazwa rasmi, muda wa kupinga ni dakika 30. Picha, faili la milio, jaribio la sifuri na karatasi za saa za mkono vikae mezani mpaka dakika hizo ziishe, kisha nakili kwenye diski mbili, moja ibaki na chama cha riadha.